Kutoka Machela Hadi Kazi ya Ajira: Historia ya Kubeba Wagonjwa Milimani Kwetu

Ndugu wana-Upare mlioko nyumbani, Moshi, Arusha, Tanga, Dar es Salaam na ng'ambo,

Sisi wa kamati ya fedha tumepewa nafasi ya kuandika makala ya historia katika kijarida cha harambee ya mwaka huu. Kazi yetu ya kila siku ni vitabu vya hesabu, na kwa kawaida mnatusoma kwenye kurasa za mapato na matumizi. Lakini mradi tunaouchangia mwaka huu hauwezi kueleweka kwa tarakimu peke yake. Una historia, na historia hiyo iko katika kila familia ya kwetu ingawa haijaandikwa sana: namna tulivyowabeba wagonjwa wetu.

Tuseme mapema tunamzungumzia mgonjwa yupi. Ajali na mama anayetoka damu ni dharura, na dharura ina utaratibu wake. Sisi tunamzungumzia mgonjwa ambaye hatakufa leo wala kesho, lakini ana tarehe ya kliniki. Ni mzee aliyepooza upande mmoja, mama anayekwenda kwenye mionzi ya saratani, kijana anayesafishwa damu kwa sababu figo zimeshindwa. Hawa wakikosa siku moja hakuna anayepiga kelele. Wakikosa kumi, tunaitwa kwenye msiba.

Sisi juu, tiba chini

Safu ya milima yetu imesimama kati ya bonde la Pangani upande wa magharibi na nyika ya Mkomazi upande wa mashariki. Kilele cha Shengena kinapita mita 2,400. Wazee wetu walijenga juu kwa sababu za maana: mvua, udongo mzuri na maji ya mifereji. Reli, barabara kuu, masoko makubwa na hospitali kubwa vikaja kujengwa chini. Tangu hapo mgonjwa wa kwetu ana safari mbili: kwanza kuteremka mlima, ndipo aanze safari ambayo watu wa tambarare huiita safari.

Chombo cha kwanza kilikuwa machela. Neno hilo lilitoka kwa Wareno, walioliita hivyo susu la kubebea watu likining'inia kwenye mti. Sisi tukaliweka kwa wagonjwa. Ilikuwa miti miwili mirefu, kamba na blanketi, au kitanda cha kamba kilichonyanyuliwa pamoja na mgonjwa wake. Wanne walibeba na wengine wakafuata nyuma kupokea mabega yalipochoka.

Ilikuwa kazi ya nguvu, lakini ilikuwa na maarifa yake. Kwenye mteremko mgonjwa hutangulizwa miguu, na kwenye kupanda hutangulizwa kichwa, ili kichwa kisije kikawa chini ya miguu. Wabebaji wa urefu mmoja hupangwa pamoja ili machela isiinamie upande. Hatua hazilinganishwi kama za askari wa gwaride, maana machela ikiyumba kwa mpigo mmoja mgonjwa hutapika. Hayo yote hufundishwa leo katika kozi za huduma ya kwanza. Watu wetu walijifunza njiani, mdogo akimtazama mkubwa.

Nyuma ya machela palikuwa na msaragambo. Wote tunaujua: mbiu ikipigwa, watu hutoka kuchimba mfereji, kutengeneza ndiva au kufyeka njia, na asiyetoka bila sababu hutozwa faini. Kubeba mgonjwa kuliingia katika moyo huohuo. Hakuna aliyeuliza nani atalipa, kwa sababu kila nyumba ilijua siku yake itafika. Ilikuwa bima ambayo mchango wake ni bega.

Misheni, reli na vita

Reli ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893 na kufika Moshi mwaka 1911, ikipita chini ya milima yetu, Hedaru, Makanya na Same. Wamisionari wa Kiadventista walikuwa wamefika Giti, Mamba, mwaka 1903, na Walutheri nao wakaweka vituo vyao. Pole pole dawa za kizungu zikawa na mahali pa kufuatwa, na machela ikapata mwisho wa safari uliokuwa mpya: mlango wa misheni au kituo cha treni.

Kisha ikaja Vita Kuu ya Kwanza. Mwezi Mei 1916 majeshi ya Waingereza yaliteremka kandokando ya milima ya Upare yakifuata reli, Wajerumani wakirudi nyuma mbele yao. Vita ile katika Afrika Mashariki ilikwenda kwa vichwa na mabega ya wapagazi. Walibeba chakula, risasi na majeruhi, na makumi ya maelfu yao walikufa, wengi kwa maradhi na uchovu kuliko kwa risasi. Sisi tunaoishi Dar es Salaam tunalitaja jeshi lile la wapagazi kila siku bila kufikiri, kwa kuwa Kariakoo ni "Carrier Corps" iliyotamkwa kwa ulimi wetu. Kubeba mtu, ambako nyumbani kulikuwa heshima, huko kulifanywa kwa kulazimishwa na kwa ujira duni. Labda ndiyo maana katika mji kazi ya kubeba ilibaki na sura ya kazi ya asiye na kazi. Dhana hiyo tunataka kuiondoa.

Hospitali zilipoongezeka

Baada ya Uhuru, na hasa baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, zahanati zilisogea vijijini. Mwaka 1971 hospitali ya KCMC ilifunguliwa Moshi, na watu wa kaskazini wakapata hospitali ya rufaa. Mwaka 2007 serikali ilianza Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, MMAM, uliolenga kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata iwe na kituo cha afya. Wengi wetu tulichangia matofali na mabati ya majengo hayo, na vitabu vya chama chetu vinaonyesha.

Hayo ni mafanikio na tusiyadharau. Lakini tazameni namna ngazi ya rufaa ilivyopangwa: zahanati kijijini, kituo cha afya kwenye kata, hospitali ya wilaya, ya mkoa, kisha ya rufaa. Kwa mgonjwa wa kwetu, kila ngazi anayopanda katika tiba ni ngazi anayoteremka katika mlima. Na maradhi yenyewe yamebadilika. Mgonjwa wa machela alikwenda mara moja, akapona au akafa. Wa leo mwenye kisukari, presha, saratani au figo anatakiwa aende, arudi, na aende tena kwa miaka.

Wakati huohuo mabega yalihama. Vijana walikwenda shule, mashambani kwa watu, mjini, ng'ambo. Sisi tunaoandika haya ni miongoni mwa mabega yaliyohama. Kijiji ambacho zamani kingetoa watu wanane kwa mbiu moja, leo kina wazee, akina mama na watoto wa shule. Msaragambo wa mfereji bado unawezekana kupangiwa siku ya likizo, lakini mgonjwa hasubiri Krismasi tuje nyumbani.

Mshikaki

Nafasi ya machela ilichukuliwa na bodaboda. Jina hilo lilizaliwa Busia, kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, ambako vijana wa baiskeli walivusha watu kutoka mpaka hadi mpaka. Kwetu ilikuja ikiwa pikipiki, na tuseme haki: vijana wa bodaboda wameokoa watu wengi. Wanatoka usiku, wanapanda njia ambazo gari halipandi, na mara nyingi wanakopesha nauli.

Lakini tunajua pia mgonjwa anavyobebwa. Anawekwa katikati, dereva mbele, ndugu nyuma, wamefungwa kwa kanga ili asidondoke. Mjini tunaiita mshikaki na tunacheka. Kwa mtu aliyevunjika nyonga, au aliyetoka kusafishwa damu huku presha imeshuka, si jambo la kuchekesha.

Gari la wagonjwa la wilaya lipo kwa dharura. Likiombwa na mama anayetoka damu na mzee anayekwenda kliniki, litakwenda kwa mama, na ndivyo inavyopaswa. Mzee anabaki na njia moja: familia ikodi Noah. Mwezi wa kwanza inauzwa mbuzi, mwezi wa tatu inauzwa ng'ombe, baadaye kinaguswa kipande cha shamba. Kisha mgonjwa mwenyewe anasema, "Niacheni, wanangu, leo najisikia nafuu." Katika vikao vyetu tumechangia rambirambi za watu waliosema hivyo. Tumekuwa wepisi wa kukodi basi zima kwenda kuzika mtu ambaye hakupata nauli ya kwenda kliniki.

Hesabu ya mgonjwa mmoja

Turuhusuni tufanye kazi yetu kidogo. Mgonjwa wa figo kwa kawaida husafishwa damu mara 3 kwa wiki, kila mara kama saa 4. Kwa mwaka ni mara 156, yaani safari 312 za kwenda na kurudi. Kutoka Same hadi Moshi ni kama kilometa 105. Zidisheni: ni zaidi ya kilometa 32,000 kwa mwaka kwa mgonjwa mmoja, zaidi ya robo tatu ya mzunguko wa dunia, na bado hatujahesabu mlima. Kadi ya bima inaweza kumsaidia mlangoni mwa hospitali. Kumfikisha mlangoni ni juu yake.

Ukitazama hesabu hiyo unaona mambo mawili. Kwanza, hakuna familia moja inayoweza kuibeba. Pili, wagonjwa wanne wakipangiwa siku moja na gari moja, gharama ya kila mmoja inashuka hadi robo. Gari linaweza kukodiwa popote. Kinachokosekana ni mtu ambaye kazi yake ni kujua nani ana kliniki lini, kumfuata nyumbani, kumfikisha, kumngoja na kumrudisha.

Wenzetu walifanyaje

Kigezi, kusini-magharibi mwa Uganda, ni nchi ya milima kama kwetu. Huko watu waliunda vyama vya engozi, yaani vya machela. Kila nyumba ni mwanachama, kila mwanamume ana zamu, na asiyefika hutozwa faini. Faini na michango ikawa mfuko, mfuko ukaanza kusaidia misiba na kukopesha. Mwaka 1996 hospitali ya Kisiizi ilipoanzisha bima ya afya ya jamii, haikuanza kutafuta watu upya, ilijenga juu ya vyama hivyo vya machela. Kwa mhasibu hilo ni somo kubwa: waliogeuza mabega kuwa daftari hawakupoteza kitu.

Hapa nchini, hospitali ya CCBRT iligundua kwamba wanawake wenye fistula hawakufika hata upasuaji ulipokuwa wa bure, kwa sababu hawakuwa na nauli. Kuanzia mwaka 2009 ikaanza kutuma nauli kwa M-Pesa kwa balozi aliye karibu na mgonjwa, naye akamsafirisha. Na mwaka 2022 serikali ilizindua kitaifa mfumo wa m-mama: ukipiga 115 bure kwa ajili ya mjamzito, aliyejifungua au mtoto mchanga, na gari la wagonjwa halipo, anatumwa dereva wa jamii aliyesajiliwa, naye hulipwa kwa simu. Mfumo huo ni wa dharura. Lakini umeonyesha kwamba dereva wa kawaida wa kijijini, akisajiliwa, akafundishwa na akalipwa kwa uhakika, anaweza kuwa sehemu ya huduma ya afya.

Nchi nyingine zimelifanya jambo hili kuwa ajira kamili. Uingereza, huduma ya taifa ya afya ilipoanza mwaka 1948, kusafirisha wagonjwa kulikuwa wajibu wa mamlaka za mitaa. Marekani, mpango wa Medicaid ulioanzishwa mwaka 1965 kwa watu wa kipato cha chini unahesabu safari ya kwenda kliniki kuwa sehemu ya tiba, na madereva hulipwa kwa kazi hiyo. Wahamiaji wengi kutoka Afrika wanaifanya. Ndugu zetu mlioko huko mnaijua: ina jina, ina sare, ina mshahara.

Kazi yenyewe

Chama kimeamua kuanza na vijana wa kwetu, wa kike na wa kiume, waliotayari kuishi nyumbani. Baadhi yenu mmeuliza kwenye kundi letu la WhatsApp kama si afadhali tuajiri dereva tu. Jibu letu ni kwamba dereva ni nusu ya kazi.

Anayetaka kuwa mbebaji wa wagonjwa ataanza na leseni ya kubeba abiria na mafunzo yake, maana anabeba watu wala si mzigo. Atafuata kozi ya huduma ya kwanza, ambayo Chama cha Msalaba Mwekundu, kilichoundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1962, hutoa nchini. Kisha atakaa na wauguzi wodini ajifunze yale yasiyo kwenye kitabu cha udereva.

Atajifunza kumhamisha mtu kutoka kitandani hadi kwenye kiti cha magurudumu: breki zifungwe kwanza, magoti yapinde, mgongo unyooke, mgonjwa aambiwe kinachofuata kabla hajaguswa. Aliyepooza husaidiwa kutoka upande dhaifu, na mkono wake uliolegea hauvutwi kamwe. Mkono wenye mshipa uliotengenezwa kwa ajili ya kusafisha damu haubanwi wala haupimwi presha. Mjamzito aliyekaribia hulazwa kwa ubavu wa kushoto. Akiwa na mgonjwa wa kifua kikuu, madirisha hufunguliwa na barakoa huvaliwa. Gari husafishwa kwa dawa kati ya mgonjwa na mgonjwa. Na mgonjwa akibadilika njiani, atambue kwamba hiyo sasa ni dharura, na ajue amkimbize kituo gani kilicho karibu.

Kuna na sehemu isiyo na cheti. Ni kubisha hodi saa kumi alfajiri na kumkuta mzee hajavaa, kumngoja bila kumkaripia. Ni kumpisha mama avishwe na binti yake. Ni kutosema kijijini nani anakwenda kliniki ipi. Kijana atakayeweza kufunga mdomo kuhusu hilo ndiye tutakayemtaka, hata kama mwenzake anaendesha vizuri zaidi.

Na analipwa. Tumejadiliana sana hili, wengine wakisema kazi ya kujitolea ndiyo mila yetu. Lakini msaragambo haukuwa bure: ulilipwa kwa msaragambo. Uliyembeba jana alikubeba kesho. Kijana wa leo anayembeba mama yako wakati wewe uko Dar es Salaam hatakupata wewe siku yake ikifika. Mshahara wake ndio bega lako.

Tunachoomba, na namna tutakavyokitunza

Fedha za mwaka huu zitagawanywa katika mafungu matano: mafunzo na leseni, ununuzi na utengenezaji wa gari pamoja na machela na viti, mafuta, mishahara, na akiba ya matengenezo na uchakavu. Fungu la tano ndilo tunalolipigania zaidi. Wote tumeona magari ya msaada yaliyofika kwa ngoma na hotuba, leo yamesimama juu ya mawe huku kuku wakitaga ndani. Mara nyingi hayakuuawa na barabara, yaliuawa na kukosa akiba ya tairi. Mgonjwa atachangia kiasi kidogo kitakachopangwa na mkutano wa kijiji, na asiyeweza kabisa atathibitishwa na mkutano huohuo.

Kuhusu michango yenu, tunakumbuka historia nyingine ya kwetu. Miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ilileta mbiru, kodi iliyokadiriwa kwa kukisia mali ya kila mtu. Mwaka 1945 maelfu ya watu wetu waliteremka hadi Same wakakaa huko kupinga. Walikuwa tayari kulipa kodi. Walichokataa ni kukadiriwa gizani. Kwa hiyo mchango wa msingi utakuwa sawa kwa kila mwanachama, atakayependa kuzidisha azidishe, na kila robo mwaka tutabandika kwenye ofisi za vijiji na kutuma kwenye kundi letu orodha ya safari zilizofanyika, lita za mafuta na salio la benki. Majina ya wagonjwa hayatakuwamo.

Fomu ya ahadi iko ukurasa wa mwisho. Kwa mlio mbali mnaweza kutuma kwa benki au kwa simu kupitia wawakilishi wa matawi, na kila mchango utapewa stakabadhi. Wenye vijana nyumbani wanaofaa kazi hii, leteni majina yao kwa watendaji wa vijiji kabla ya mkutano mkuu.

Karibuni sana kwenye harambee.

Kamati ya Fedha